Gari la Lahja na Miguu ya Tyyne

"Jumamosi, tarehe mosi Februari. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Hakuna upepo, moshi wa nyumba ya Tyyne ng'ambo ya ziwa unapanda wima. Nyota mbili tatu bado zaonekana. Gari limelala nyumbani. Limeunganishwa na umeme tangu saa kumi na moja alfajiri, injini na ndani."

Lahja Moilanen alimaliza kuandika, akatia daftari mfukoni mwa koti na kuvaa glavu zake. Binti yake Virpi alikuwa amesimama mlangoni, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule.

"Mama, umekwisha? Naganda hapa."

"Kuandika kwanza, kuwasha baadaye. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mlifundishwa na fundi au na mtabiri wa hali ya hewa?"

Lahja akautoa ufunguo. Asubuhi hiyo hakuwa na nafasi moyoni ya utani, maana nyumba yake yote ilikuwa imening'inia kwenye ufunguo mmoja.

Mambo yalikuwa hivi. Virpi alikuwa amefika jana jioni kutoka mji wa Oulu, mwendo wa kilomita mia mbili, akiwa na karatasi za nyumba ya ghorofa: vyumba viwili, orofa ya tatu, lifti ipo, na kwake ni karibu kiasi cha kwenda kwa miguu. Wenye nyumba walitaka jibu Jumatatu. Mama na binti walibishana tangu viazi vilipoepuliwa hadi vilipopoa. Lahja alikuwa na miaka sitini na minne, mjane wa miaka minne, na alizaliwa katika nyumba ileile aliyokuwa akiishi. Basi la kijiji lilikuwa limeondolewa zamani. Duka lilikuwa kilomita kumi na tisa, na kanisa lilikuwa palepale penye duka. Bila gari, kijijini hapo mtu hakai, anafungiwa tu. Na gari lenyewe, lile alilolinunua mumewe, marehemu Reino, refu, la mraba kama kabati lililolazwa chali, lenye rangi ya tofali na umri wa miaka ishirini na minne, lilikuwa limeanza kugoma. Leo linawaka, kesho haliwaki. Ukilikasirikia haliwaki, ukiliacha saa moja linawaka kama halikuwa na neno.

Hatimaye Lahja, ambaye si mtu wa kupandisha sauti, alisema: "Basi. Kesho asubuhi gari likigoma, natia saini. Likiwaka, hunitajii tena ghorofa mpaka miti itoe majani."

Virpi akanyoosha mkono juu ya bakuli la viazi, nao wakapeana mikono.

Ndiyo maana Lahja alikuwa ameamka usiku mara mbili kuhakikisha kebo imekaa sawa. Kebo moja iliingia chini ya boneti kupasha injini, na tawi lake lilipita mlangoni hadi kwenye kipasha joto kidogo chenye feni, kilichokaa sakafuni mbele ya kiti cha abiria. Alipofungua mlango asubuhi ile, joto lilimpokea usoni kama la sauna, chumba cha kuogea mvuke. Kioo hakikuwa na barafu hata chembe. Gari lilikuwa limetunzwa kuliko mtoto mchanga.

Akaketi, akazungusha ufunguo. Starta ikazungusha injini kwa nguvu na afya. Ikazungusha, ikazungusha. Injini haikushika. Akapumzika, akahesabu hadi thelathini, akajaribu tena. Haikushika. Mara ya tatu alijua kabla hajagusa.

Akachomoa kebo, akakunja, akaining'iniza ukutani mahali pake. Virpi hakucheka wala hakusema "si nilikwambia". Alisema tu, "Pole, Mama," na Lahja aliona afadhali angechekwa.

Ndani, karatasi zilikuwa mezani kando ya birika la kahawa. Lahja akavaa miwani. "Kalamu iko wapi?"

"Si lazima sasa hivi," Virpi akasema. Macho yake hayakutua mahali. "Naondoka saa tisa, giza halijaingia. Hata saa tisa kasorobo inatosha. Naenda kumleta Bibi Tyyne, maana Jumamosi ni siku yake ya kuja kwetu."

"Mwambie avae soksi za sufu. Gari lako ni jipya lakini lina baridi."

Virpi alisita akiwa ameshika kitasa. "Mama, unajua kazi yangu hospitalini. Mwezi uliopita tulimpokea mtu aliyeharibikiwa na gari njiani kwenye baridi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi. Mimi ndiye niliyemvua viatu." Akafunga mlango taratibu.

Lahja akaenda chumbani, akapiga magoti kwenye zulia la vitambaa alilofuma mama yake. Tangu Desemba alikuwa akiomba maneno yaleyale: Bwana, liwashe. Leo aliyaonea haya, kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akimtuma mkubwa wake dukani. Safari hii akasema polepole, "Bwana, neno nimelitoa na nitalitimiza. Sikuombi gari. Lakini kama kuna kitu kiko mbele ya macho yangu nami sikioni, nionyeshe." Alipokuwa anainuka, akishikilia kitanda kwa sababu ya magoti, aliongeza, "Kabla ya saa tisa."

Kisha akampigia simu Taisto Karppinen.

Taisto alikuwa fundi mstaafu wa miaka sabini na moja aliyefundisha darasa la jioni la ufundi wa magari, kila Jumanne, katika karakana ya shule ya ufundi karibu na kanisa. Lahja alijiunga na darasa hilo akiwa na miaka sitini na miwili, mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa. Siku ya kwanza mmoja wao alimwuliza kama amekuja kupika kahawa. Akamjibu kwamba kahawa hupikwa na mwenye mikono misafi kuliko wote. Wote wakatazama mikono yao, na bwana yule akapika kahawa hadi mwisho wa muhula. Alichelewa kujifunza, lakini alijifunza kama anavyosoma Maandiko: mstari kwa mstari, na penye shaka alirudia. Gari lake lenyewe walikuwa wamelipima darasani mara nne. Betri ilibadilishwa, plagi zikabadilishwa, waya zikasuguliwa. Na mara zote nne, ndani ya karakana, gari liliwaka kwa mguso wa kwanza, kama mgonjwa anayepona mlangoni pa daktari.

Taisto alifika saa nne, jua likiwa limeinuka kidogo juu ya misonobari. Hakubisha hodi, alikwenda moja kwa moja kwenye gari. Lahja alitoka na ufunguo.

"Limegoma saa ngapi?" Taisto aliuliza kwa sauti kubwa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa miaka arobaini ya nyundo na injini, na alidhani watu wote wako kama yeye.

"Saa mbili na robo!"

"Zungusha."

Akazungusha. Injini ikashika papo hapo, ikanguruma, moshi mweupe ukajaa uani.

"Linaniogopa," Taisto akasema.

"Si mchezo, Taisto. Nimeahidi kutia saini ya kuhama."

Uso wa fundi ulibadilika. Akainama, akazima injini mwenyewe, akasimama akitazama gari na mikono yake mgongoni. "Basi tusishike spana hata moja. Niliwaambia nini siku ya kwanza?"

"Usinunue kitu kabla ya kuuliza."

"Na niliwaambia nini siku ya pili?"

"Ulichosema siku ya kwanza."

"Lete daftari."

Walikaa jikoni. Lahja aliandika kwa herufi za duara, kila mgomo mstari wake: tarehe, hali ya hewa, mahali, nani alikuwemo, lilichukua muda gani kuwaka tena. Migomo tisa. Taisto alisoma kwa kidole.

"Baridi. Baridi. Baridi. Hapa nyuzi thelathini na moja. Yote ni baridi, Lahja."

"Hata mimi nimeona hivyo. Lakini tazama dukani. Dukani halijagoma kamwe, na mwezi wa kwanza nililiacha pale saa mbili nzima kwenye nyuzi ishirini na tisa. Linagoma nyumbani, linagoma kanisani. Kwingine kote linawaka."

"Labda halipendi mahubiri," Taisto akasema, kisha akamwangalia na kujuta. "Samahani."

"Halipendi na nyumbani?"

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Tyyne akiwa ameshikwa mkono na Virpi. Tyyne alikuwa na miaka themanini na saba, mdogo kama shomoro, dada wa Lahja katika imani na jirani yake tangu zamani. Miguu yake ilikuwa mibovu kwa damu isiyofika vidoleni. Alivuliwa buti, akakalishwa karibu na jiko la kuni.

"Gari la binti yako ni zuri sana," alimwambia Lahja. "Lina taa kama ndege. Lakini miguu yangu imekufa ikiwa ndani yake. Nilikuwa nawaza njia nzima, ee Bwana, nirudishe kwenye kabati la Lahja."

"Bibi, nilifungua joto lote," Virpi akasema.

"Ulifungua la usoni, mwanangu. Mimi sisafiri kwa uso." Akanyoosha soksi zake kuelekea jiko. "Kwa Lahja nikiingia, miguu iko peponi. Au tuseme, nusura iwe kule kwingine, motoni. Jumapili iliyopita niligusa kile kifuniko cha plastiki chini ya dashibodi kwa goti, nikadhani nimegusa mawe ya sauna."

Taisto hakusikia, maana Tyyne alikuwa upande wa sikio lake bovu. Lakini Lahja alisimama akiwa na birika mkononi, kahawa ikimwagika kidogo kwenye sahani.

"Dada Tyyne, sema tena."

"Niseme nini? Kwamba kifuniko kinachoma? Si unajua? Wewe ndiwe uliyekihamishia kipasha joto upande wangu."

Ni kweli. Reino alikuwa amekiweka upande wa dereva, kikakaa hapo miaka mingi. Kuelekea Krismasi, daktari aliposema miguu ya Tyyne ihifadhiwe na baridi, Lahja alikihamishia mbele ya kiti cha abiria, na kwa kipande cha ubao akakiinamisha ili hewa ipande hadi magotini. Kila alipokwenda kumchukua Tyyne alianza kwa kulipasha gari saa tatu nzima. Na kanisani, kwenye maegesho yenye nguzo za umeme, aliunganisha tena kebo ibada inapoanza, ili Tyyne akitoka akute joto. Hakuliandika hilo daftarini hata mara moja. Halikuwa jambo la gari. Lilikuwa jambo la Tyyne.

Akaweka birika chini, akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Huko, chini ya mapishi ya mkate wa iliki, palikuwa na mstari mmoja peke yake, alioukumbuka baadaye na kuuona hauna pa kukaa kati ya migomo ya baridi.

"Taisto!" aliita kwenye sikio zima. "Mwezi wa Julai. Mkutano wa kiangazi. Gari lilikaa uwanjani juani mchana kutwa, vioo vimefungwa. Liligoma. Watu wakasema injini imelowa petroli, liacheni lipumzike. Jioni likawaka."

"Julai," Taisto akarudia.

"Dukani hakuna nguzo za umeme. Karakanani hatuliunganishi. Nyumbani na kanisani ndiko ninakolipasha." Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Si baridi, Taisto. Ni joto. Kila linapogoma mimi nazidisha kulipasha, nalo linazidi kugoma."

Kuni zilipasuka ndani ya jiko. Taisto akainuka polepole kama mtu anayesimama kanisani.

"Nyuma ya kile kifuniko," alisema, "kuna rilei ya pampu ya petroli."

"Rilei ni nini?" Virpi akauliza. Alikuwa bado amevaa kofia.

"Kisanduku kama kiberiti. Unapozungusha ufunguo, chenyewe ndicho kinachoipelekea pampu umeme. Kisipofanya kazi, starta inazungusha injini kavu. Na nikuambie, binti, aibu hii ni yangu. Ukizungusha ufunguo nusu tu, pampu iliyo nyuma huvuma sekunde mbili. Mvumo mdogo, kama nyuki kwenye chupa. Fundi yeyote husikiliza huo kwanza. Mimi siusikii tangu nilipostaafu, kwa hiyo huwa napima kwa taa ya kupimia umeme, na taa nimeipima karakanani tu, gari likiwa baridi."

"Basi tulipashe," Lahja akasema.

"Liko zima sasa hivi!" Virpi akapinga. "Mnataka kuliharibu?"

"Ugonjwa usioonekana hautibiki, wewe wajua kuliko mimi."

Virpi akakubali kwa kichwa. Akavua kofia.

Wakaunganisha kebo saa tano kasorobo, kipasha joto palepale pake, ubao chini yake. Na baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Lahja alikata mkate wa iliki, akaweka vipande vya jibini ya kuchoma ndani ya vikombe na kumimina kahawa juu yake, kama ilivyo desturi ya huko. Tyyne alisimulia jinsi Reino alivyomposa Lahja kwa kumkarabatia baiskeli ambayo haikuwa imeharibika. Virpi hakuwahi kuisikia habari hiyo, akacheka mpaka akafuta macho. Karatasi za nyumba zilikuwa bado mezani. Mtu alizisogeza kidogo ili kuweka sahani, na Lahja akazirudisha mahali pake.

Saa sita na nusu wakatoka wote, hata Tyyne, akiwa ameketishwa kwenye kigari cha kusukuma thelujini na kufunikwa blanketi mbili. Hewa iliuma puani. Lahja akafungua mlango, joto la gari likampiga usoni. Akaketi.

"Nyamazeni," Taisto akaamuru, ingawa ni yeye peke yake aliyekuwa akisema.

Lahja akazungusha ufunguo nusu. Akasikiliza. Palikuwa na mlio wa feni, akauzima. Akazungusha tena. Nyuma ya gari hapakuwa na kitu: si nyuki, si chupa. Kimya kama cha ziwa lililoganda.

"Haivumi," akasema.

"Virpi, ingia wewe usikilize," Taisto akasema. "Shahidi mmoja hatoshi."

Virpi akapanda kiti cha nyuma, akainamisha sikio kwenye sakafu. "Hakuna," akasema. "Hakuna kabisa, Mama."

Taisto akamwonyesha Lahja pa kufungua, lakini hakumfanyia. Lahja akapiga magoti mara ya pili siku hiyo, safari hii kwenye theluji, akafungua kifuniko kwa bisibisi na kuingiza mkono. Kisanduku kilikuwa cha moto. Akakichomoa, akakiangalia kiganjani, kisha, bila kuambiwa na mtu, akakifunga ndani ya glavu na kukizika thelujini kando ya kizingiti.

"Mwanafunzi wangu," Taisto akasema. 

Wakangoja dakika tano. Tyyne alikuwa akinong'ona midomo ikisogea, na hakuna aliyemuuliza anasema nini. Lahja akakifukua, akakikung'uta, akakirudisha mahali pake. Akazungusha ufunguo nusu.

Zzzz, sekunde mbili, nyuma kabisa. Virpi alipiga kelele kutoka kiti cha nyuma, "Naisikia! Mama, inavuma chini yangu!" Lahja akamalizia kuzungusha, na injini ikashika.

Jikoni, baada ya kisanduku kuchomolewa tena, Taisto alikifungua kwa ncha ya kisu na kumpa Lahja kioo cha kukuzia. Palikuwa na doa la risasi ya kulehemu lililoshika mguu wa waya, na kulizunguka doa hilo palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele. Baridi ilipoubana, ulishikana. Joto lilipoutanua, uliachana. Ni hilo tu. Ni hilo lililomkosesha Virpi kule Oulu usingizi majira yote ya baridi.

"Naweza kununua mpya Jumatatu," Lahja akasema.

"Unaweza kulehemu huo leo. Umelehemu darasani vizuri kuliko wale wanaume wote." Taisto akatoa chuma cha kulehemu mfukoni, kana kwamba kila mtu hutembea na kimoja.

Lahja akalehemu. Aligusisha ncha ya chuma hadi risasi ilipoyeyuka na kung'aa. Harufu ya moshi ikachanganyika na ya iliki. Baada ya hapo wakakirudisha kisanduku, wakaunganisha kebo tena, kipasha joto palepale, maana Lahja alisema dawa isiyojaribiwa kwenye ugonjwa wenyewe si dawa. Taisto alishauri kipasha joto kirudishwe upande wa dereva kwa usalama.

"Thubutu," Tyyne akasema.

"Nasema tu, bibi."

"Sema na magoti yako. Ya kwangu yana joto yalipo."

Saa nane na dakika arobaini Virpi alikuwa tayari amevaa koti, mkoba begani. Lahja akaenda peke yake kwenye gari, wengine wakimtazama kupitia dirishani. Alishika kile kifuniko: mawe ya sauna. Akazungusha ufunguo nusu, akausikia mvumo. Akaliwasha, akalizima, akaliwasha, akalizima. Mara sita. Aliporudi ndani, hakuonekana kushangilia. Alinawa mikono, akavaa miwani, akaketi mezani na kuvuta karatasi kuelekea kwake.

"Mama, unafanya nini?"

"Ni saa tisa kasorobo. Nilisema likigoma asubuhi natia saini. Liligoma. Ahadi ni deni."

Taisto akageukia dirisha. Tyyne akakunja mikono mapajani. Virpi alimtazama mama yake, akitafuta kama kuna mzaha, hakuuona. Akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Sikuitaka saini," akasema, na sauti yake ikakatika. "Nilitaka nilale, Mama. Redio ikisema baridi ya nyuzi thelathini huku Kainuu, mimi silali. Naona viatu vya yule mtu. Gari limepona leo, nami nimefurahi, kweli nimefurahi. Lakini wewe utakuwa na miaka sabini, utakuwa na themanini. Nani ataniambia siku ikifika? Wewe hutaniambia."

Lahja alijua kwamba ni kweli. Asingemwambia. Alitazama mikono ya binti yake, mipana kama ya Reino, na katika moyo wake akauliza, kama alivyouliza asubuhi, kuna nini mbele ya macho yangu. Hakuchukua muda mrefu.

Akasimama. Akautoa ufunguo mfukoni na kuunyanyua ili wote wauone.

"Taisto, geuka. Dada Tyyne, nisikilize. Nawataka muwe mashahidi." Akamgeukia Virpi. "Mkono wako hujautoa kwenye karatasi. Je, unaniachilia neno langu la jana?"

"Nakuachilia."

"Basi chukua jingine. Kila nitakapotoka kwenye baridi kali nitakupigia simu kabla, na nitakupigia nikifika, hata kama ni usiku wa manane na wewe uko kazini. Na kila unapokuja hapa utaketi kiti cha nyuma, mimi nitazungusha ufunguo nusu. Siku utakayousikia ule mvumo nami nisiusikie, sitasema ni upepo, sitasema ni kofia. Nitauweka ufunguo huu mkononi mwako mimi mwenyewe, na nitakwenda utakaponipeleka. Tyyne amesikia. Taisto amesikia kwa sikio lake zima. Na Mungu, ambaye leo nimemsumbua mara mbili, amesikia. Naahidi."